Bakuli la Kangomba au Mizani ya Ghalani? Vipimo vya Kuzijaribu Roho

Korosho zikishauzwa mnadani na malipo yakaanza kusoma benki, huku kwetu kati ya Ndanda na Masasi huongezeka vitu viwili: pikipiki mpya na hema za manabii. Sisemi kwa kejeli. Pikipiki tunazihitaji, na wapo wahubiri wa kweli wanaokuja msimu huo kwa sababu ndipo watu wanapopata nafasi ya kukaa na kusikiliza. Ila mwaka ambao bei imeanguka hema huwa chache, na jambo hilo nimelitia akilini.

Msimu uliopita jirani yangu alikuja jioni, akakaa mkekani, chai hakuigusa.

"Dada, yule mtumishi wa uwanjani katoka kwa Mungu au siye?"

Nikamuuliza yeye kamwonaje. Akasema, "Kanitajia jina la mama, marehemu. Na nilipotoka pale nilisikia amani ambayo sijaisikia tangu tumzike." Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba ameambiwa apeleke malipo ya kwanza ya korosho kama mbegu, kabla ya Jumapili, na asimwambie mtu.

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia kwanza tuvitazame vile vipimo vyake. Alikuwa ametumia viwili, jina la mama na amani ya moyo, na vyote viwili alipewa palepale hemani.

Mkulima wa Mtwara habari za vipimo hafundishwi. Kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa kichinichini, huja kabla ya msimu, wakati ada ya mtoto inadaiwa na debe la unga limebaki vumbi. Anakuja na fedha mkononi na bakuli lake. Anajaza yeye, anasawazisha yeye, anatamka yeye kwamba hii ni kilo. Ghalani mambo ni mengine: mizani imesimama mbele ya watu, karani anaandika, na aliye nyuma yako kwenye foleni anaisoma namba pamoja nawe. Kosa laweza kutokea hata huko, tumeyaona, lakini kosa la ghalani lina wa kulisema. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Siku hizi kabla sijauliza kama roho fulani ni ya Mungu, nauliza kwanza: mizani kaishika nani?

Yohana ametuagiza: "Msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho." Na kwenye mstari unaofuata ametoa kipimo cha kwanza, kwamba roho ya Mungu hukiri kuwa Yesu Kristo amekuja katika mwili. Kipimo hicho hakina mbadala. Shida ni kwamba wengi wanaotusumbua huku wanakiri hivyo kwa sauti kubwa, tena kwa spika nane. Ndiyo maana inatubidi kuvilinganisha na vipimo vingine ambavyo watu hutumia, nilivyoviona vikitumika hapa mtaani kwetu na mimi mwenyewe nikavitumia, mara nyingine vibaya.

Alilosema limetimia

Hiki ndicho kipimo kinachopendwa kuliko vyote, na kwangu mimi ndicho cha kuangaliwa kwa makini zaidi. Kisome kwa kuziweka sura mbili za Kumbukumbu la Torati pamoja. Sura ya 18 yasema nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, Bwana hakulinena. Sura ya 13 yasema ishara yaweza kutukia kweli kama alivyosema mwotaji wa ndoto, na bado msimsikilize, ikiwa anawavuta kwenye miungu mingine. Maana yake kipimo hiki kinafanya kazi upande mmoja tu. Kinaweza kumkataa mtu, lakini hakiwezi kumpitisha. Ni kama kuotesha mbegu: ikioza umejua haifai, ikichipua bado hujajua itazaa nini.

Yule kijakazi wa Filipi, Matendo 16, alisema kweli tupu. "Watu hawa ni watumishi wa Mungu Aliye juu." Hakuna neno la uongo hapo, hata hivyo Paulo alimkemea pepo aliyekuwa akiyasema, pepo wa uaguzi, ambaye mabwana wa kijakazi walimfanya mtaji. Kwa hiyo kuambiwa kweli hakutoshi kukuonyesha nani anayekwambia.

Na kuna jambo la kidunia kabisa ambalo sijui kwa nini hatuliongei. Mlangoni mwa hema watu waliandikwa jina, kijiji na namba ya simu. Ukiwa na namba ya mtu, anza tu kumtumia pesa kwa simu, jina lake kamili litakuja kwenye kioo kabla hujathibitisha. Ukiwa na jina na kijiji, mtu mmoja wa kuuliza dukani anakumalizia mengine. Sisemi yule mtumishi alifanya hivyo. Sikuwepo, sina ushahidi. Nasema tu kwamba jina la mama yako linajulikana na nusu ya kata, na Roho Mtakatifu hahitajiki ili kulipata.

Nimesikia amani

Hapa watu wa maombi watanikasirikia kidogo. Amani ni tunda la Roho, imo Wagalatia 5, siikatai. Lakini itazame peke yake, ukiwalinganisha watu wawili. Yona anamkimbia Mungu, bahari imechafuka, mabaharia wanalia kila mtu kwa mungu wake, naye yuko chini merikebuni kalala fofofo. Yesu yuko Gethsemane, katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, na jasho linamtoka kama matone ya damu. Ungewapima kwa utulivu wa usiku ule, ungemfuata Yona.

Kipimo hiki kinapona kikiongezewa muda. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliligundua hilo kitandani mwaka 1521, mguu ukiwa umevunjwa na mzinga kule Pamplona. Alipowaza habari za ushujaa na mabibi wa ikulu alifurahi sana, lakini mawazo yakiondoka yalimwacha mkavu. Alipowaza kuishi kama watakatifu alifurahi pia, na hayo yalipoondoka furaha ilibaki. Mwanzo wake ulifanana, tofauti ilionekana baadaye.

Kwa hiyo amani ya usiku wa mkesha, ngoma zikiwa bado zinalia kifuani, usiipime usiku huohuo. Ingoje Jumatano asubuhi, uko shambani, mgongo unauma. Kama bado ipo, sikiliza. Na nabii akikwambia uamue kabla Jumatano haijafika, hapo kakunyima mizani.

Kuna andiko

Kipimo kizuri, kiko wazi kwa wote, na wale Waberoya walisifiwa kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ya Paulo ndivyo yalivyo. Paulo hakuona ametukanwa. Ila ibilisi naye kule nyikani alinukuu Zaburi ya 91. Kwa hiyo andiko likisomwa kutoka jukwaani ni bakuli la mhubiri bado. Likisomwa kesho yake nyumbani kwako, na mistari kumi ya kabla na kumi ya baada, hilo limefika ghalani. Udhaifu wake ni kwa bibi zetu wasiosoma, ambao lazima wamtegemee mjukuu. Mjukuu huyo naye asipewe posho na hema.

Matunda

Nimelichelewesha hili kwa sababu ndilo ninaloliamini zaidi, na sisi wa korosho tunalo fundisho ambalo Wayahudi wa mizabibu na mitini hawakuwa nalo.

Mtazame mkorosho. Mgeni akija kwa mara ya kwanza huona bibo, jekundu au la njano, limejaa maji, linanukia hata ukiwa mbali, na husema, tunda ndilo hili. Sivyo. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni ile korosho ya kijivujivu iliyoning'inia chini, isiyo na sura, tena ndiyo iliyotangulia kutokea kabla bibo halijavimba. Bibo haliwekeki; likianguka leo, kesho limechacha, na watu wanalikamulia uraka, pombe ya huku kwetu. Korosho unaweza kuiweka gunia ukaiuza baada ya miezi. Na ukiibandua mbichi kwa meno, mafuta ya ganda yanakubabua mdomo.

Yesu aliposema mtawatambua kwa matunda yao, aliendelea kuwataja watu ambao siku ile watasema, "Hatukufanya unabii kwa jina lako, na kutoa pepo, na kufanya miujiza mingi?" Yaani hayo yote, unabii, kutoa pepo, miujiza, Yeye hakuyahesabu kuwa tunda. Ni bibo. Tunda liko kwingine: anamtendeaje dereva wake, anamjibuje mama mjane asiye na kitu, akikosea anasema nimekosea au anamlaani aliyemwonyesha kosa. Na zaidi, wale waliomfuata mwaka juzi wako wapi? Nyumba zao zina upendo zaidi au zimeanza kushikana uchawi? Mimi nimeona familia ya upande wa mume wangu, Waanglikana wa Masasi, watu wa kanisa tangu enzi za wamisionari, wakivunjika kwa sababu mtabiri alimtaja shangazi kuwa ndiye anayekula nyota za watoto. Huyo mama sasa anapikiwa na majirani. Mtabiri aliondoka na hema lake, sidhani hata anakumbuka.

Ubaya wa kipimo hiki ni muda. Mkorosho unachukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, na huyu anataka jibu kabla ya Jumapili. Kwa mgeni wa wiki mbili, basi, usingoje matunda yake hapa. Uliza kule alikotoka. Simu zipo.

Fedha

Ni tawi la matunda, ila naliweka peke yake kwa sababu linapimika haraka. Naamani alimletea Elisha talanta za fedha na mavazi, Elisha akaapa kwamba hapokei kitu. Gehazi, mtumishi wake, akalifukuzia gari akatunga uongo, akapata fedha na ukoma. Nyumba moja hiyohiyo, muujiza mmoja huohuo, watu wawili. Utoaji si dhambi, paroko wetu naye anahitaji kula. Lakini zaka ya kanisani ina daftari na kamati. Mbegu ya hemani iko ndani ya bahasha, na risiti yake ni ahadi.

Hata hivyo usikitegemee kipimo cha fedha peke yake. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Bei ilikuwa shilingi 500. Kwa kipimo cha fedha angepita bila hata kugeuzwa. Na bado wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali kwa imani kwamba kikombe kimemaliza, na wapo waliofia kwenye foleni. Mtu anaweza kuwa hana tamaa kabisa na bado ukaumia kwa kumfuata.

Kulisema mbele za wengine

Ukiniambia nichague kipimo kimoja kwa mtu ambaye hana muda, ni hiki. Lichukue neno ulilopewa, ulitoe nje. Mwambie mumeo au mkeo, mwambie mjomba, peleka kwenye jumuiya, kaa na katekista au mchungaji wako. Paulo mwenyewe, ambaye Injili yake aliipata kwa ufunuo, alipanda Yerusalemu akaiweka mbele ya wenye sifa, asije akawa anapiga mbio bure. Na wale wakoma kumi, Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Aliyeponya ndiye aliyewatuma wakakaguliwe na mtu mwingine! Nikisikia leo mtu ametangaziwa kapona kisukari au virusi na kuambiwa asirudi kliniki kwa kuwa ni kukosa imani, nawakumbuka hao kumi. Ponyo la Kristo halikuogopa mizani ya makuhani. Kwa nini la huyu liogope kipimo cha maabara?

Ndiyo maana neno "usimwambie mtu" ndilo lililonishtua kwa jirani, kuliko mbegu na kuliko jina la marehemu.

Kipimo hiki nacho kina pa kuvuja. Katika 1 Wafalme 13 mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa na agizo lake wazi, asile mkate wala kunywa maji mahali pale. Nabii mzee akamwambia, "Mimi nami ni nabii kama wewe," akamdanganya, yule mtu akala, na simba akamkuta njiani. Cheo cha mshauri hakikumsaidia. Na Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, ambako makaburi yalifukuliwa mwaka 2023, watu zaidi ya 400 walikufa wakiwa katika jamii iliyokubaliana kwamba kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Nadhani kila mmoja pale angemuuliza mwenzake angeambiwa endelea. Kwa hiyo mmoja wa unaowauliza awe wa nje, asiyeabudu hapo na asiye na hofu na kiongozi.

Sasa utumie kipi?

Inategemea kilichokujia.

Mtoto akipata degedege usiku, usipime roho yoyote. Wazee watasema ni pepo, mjomba atataka apelekwe kwa fundi, yaani mganga, kwanza, mwingine atasema apigiwe nabii simu. Nawaheshimu wajomba, huku kwetu ukoo unafuata mama na neno la mjomba ni zito, lakini mtoto aende hospitali usiku huohuo, na anayetaka kuomba aombe akiwa ndani ya bajaji. Hakuna aliyewahi kukosa mbingu kwa kuwahi sindano.

Ndoto, au sauti ya ndani iliyokujia ukiwa peke yako: hapa amani ya Jumatano ina kazi, pamoja na andiko. Wala usikimbilie kuitangaza.

Ujumbe wa simu unaosema sambaza kwa watu kumi na wawili la sivyo ajali itakukuta: futa. Huo hauna haja hata ya kipimo.

Mafuta, maji, chumvi, kitambaa: Yakobo 5 inawataja wazee wa kanisa na mafuta, basi mafuta si ushirikina kwa asili yake. Lakini ile nyoka ya shaba ilitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu, na Hezekia akaja akaivunja vipandevipande kwa kuwa watu walikuwa wanaifukizia uvumba. Kipimo changu hapa ni hiki: kitu hiki kikipotea leo, nitaweza kuomba kesho? Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Na sisi Wakatoliki tusicheke; nawajua wanaovaa rozari shingoni kama hirizi na kunyunyiza maji ya baraka mlangoni lakini Misa hawaendi. Mimi mwenyewe niliwahi kuiweka rozari chini ya mto wiki nzima, sikusali hata fumbo moja.

Nabii mgeni anayetaka uamuzi wa haraka: yaseme mbele za wengine, na uulize alikotoka. Vingine havitawahi.

Kuna jambo moja la historia ambalo mtu wa Kusini hawezi kulikwepa. Mwaka 1905 Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini risasi za Mjerumani zitageuka maji. Sitawacheka kamwe. Walikuwa wamechoshwa na shamba la pamba la kulazimishwa na kiboko, na maji yale ndiyo yaliyowaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja. Misheni za Lukuledi na Nyangao ziliungua katika vita hiyo ya Maji Maji, na Ndanda yetu ikaanzishwa mwaka uliofuata. Ninachokitazama mimi ni kipimo tu. Maji yale yangepimika wapi isipokuwa kifuani, na mbele ya risasi? Majibu yalipokuja, aliyekuwa anapima hakuwepo tena kuyapokea. Neno lolote ambalo haliwezi kujaribiwa mpaka uwe umeshauza shamba, umeshaacha dawa, umeshamfukuza shangazi, nalipeleka upande huo wa maji.

Jirani alirudi hemani Ijumaa, safari hii na mjomba wake na mimi. Tulimwomba msaidizi tumwone mtumishi, tule naye chakula nyumbani, tuulize mambo mawili matatu. Msaidizi akasema Baba haingii nyumba za watu, kiwango cha upako wake hakiruhusu. Mjomba akauliza kwa upole tu, Yesu aliingia kwa Zakayo, sasa huyu kapita wapi? Hatukujibiwa.

Mbegu hakuipeleka, lakini alitoa elfu kumi, akasema hawezi kuondoka mikono mitupu mahali alipotajiwa mama yake. Sikumzuia. Mpaka leo tukikaa kubangua korosho huwa ananiambia kwamba jina lile lilipotamkwa kwenye spika, mwili ulimsisimka wote, na mimi sina la kumjibu.